Maswali ya wasomaji: Gari la Ulaya limeshuka bandarini, dhamana yake iko kwa nani?

Barua zilizotufikia kuhusu magari safari hii zinafanana sana. Msomaji amenunua, au anakaribia kununua, gari la Kijerumani au la nchi nyingine ya Ulaya lililotumika nje, na ameambiwa kwamba lina dhamana. Tumechagua zile zinazogusa hali zinazowapata watu wengi, tukafupisha maelezo, na tukaondoa majina ya wauzaji.

*Bwana Mhariri, yadi moja jijini Nairobi inaniuzia Volkswagen Tiguan ya dizeli iliyosajiliwa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Bei yake ni ya juu kuliko ya magari mengine ya aina hiyo, na muuzaji anasema nyongeza hiyo ni ya haki kwa kuwa dhamana ya kiwanda haijaisha, tena kwamba Volkswagen ni moja duniani kote. Je, nikiharibikiwa nitahudumiwa hapa Kenya bila malipo? Msomaji, Nakuru.*

Ndugu msomaji, usilipe nyongeza hiyo mpaka upate barua kutoka kwa mtu mwingine asiyekuwa muuzaji. Dhamana ya gari jipya hutolewa kwa soko fulani, kwa masharti ya soko hilo, na gharama yake huwa imekwisha kuingizwa katika bei aliyolipa mnunuzi wa kwanza wa huko. Volkswagen ya Uingereza hutoa miaka 3 yenye kikomo cha maili 60,000, ambazo ni kama kilomita 96,500. BMW na Mercedes-Benz hutoa huko miaka 3 bila kikomo cha maili. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kuna pia wajibu wa kisheria wa miaka 2 kwa bidhaa mpya, lakini huo humwangukia muuzaji aliyeuza, si kiwanda, na humlinda mlaji wa huko. Ahadi hizi zote ziliandikwa kwa ajili ya gari litakalotembea katika barabara za huko na kutengenezwa katika karakana za huko. Wakala wa Nairobi anapofungua injini chini ya dhamana, lazima awepo mtu wa kumrudishia pesa ya spea na ya kazi ya fundi. Kwa gari aliloliingiza yeye mwenyewe mtu huyo anajulikana. Kwa gari lililoingizwa na yadi, mara nyingi hayupo.

Ukitaka kuona jinsi kampuni moja inavyoweza kuahidi mambo tofauti katika nchi tofauti, itazame giaboksi ya DSG, inayobadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili, ile ya gia 7 yenye klachi kavu, ambayo imewasumbua wenye Golf na Polo katika nchi nyingi. Mwaka 2012 Volkswagen iliwaongezea wateja wa China dhamana ya giaboksi hiyo hadi miaka 10 au kilomita 160,000. Mtu wa nchi nyingine aliyekuwa na gari lenye giaboksi ileile hakupata miaka hiyo kwa sababu tu kifaa ni kimoja.

Kuna na sababu ya kiufundi, nayo inakuhusu moja kwa moja kwa kuwa gari lako ni la dizeli. Injini za Euro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, zimeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa kila sehemu milioni, ambacho ndicho kiwango cha lazima katika Umoja wa Ulaya tangu 2009. Afrika Mashariki ilishuka hadi sehemu 50 mwezi Januari 2015, hatua kubwa na njema, lakini bado si kiwango ambacho chujio la masizi la gari hilo lilitengenezewa. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi injini ikiwa na joto la kutosha kwa muda wa kutosha, kama linavyopata gari linalokwenda mwendo wa barabara kuu. Likikaa katika msongamano kila asubuhi na kuzimwa kabla ya kupata moto, masizi hujaa, taa huwaka kwenye dashibodi, na nguvu hupungua. Wakala yeyote makini atauliza gari lilinywa mafuta gani na lilitembea vipi kabla ya kukubali gharama.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza. Chukua namba ya chasisi kutoka kwenye gari lenyewe, si kwenye tangazo; ina tarakimu na herufi 17, na kwa Tiguan huanza na WVG. Alama ya kumi, ukihesabu tarakimu na herufi pamoja, huonyesha mwaka wa modeli, ambapo N ni 2022, P ni 2023 na R ni 2024. Mwandikie wakala rasmi wa Volkswagen nchini, umpe namba hiyo, umwulize kama anaitambua dhamana ya gari hilo hapa Kenya, itaisha tarehe gani, na kama kuna marekebisho ya kiwanda ambayo hayajafanywa. Omba jibu kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba miaka 3 huhesabiwa tangu gari liliposajiliwa au kukabidhiwa mara ya kwanza, si tangu siku unayolinunua wewe. Miezi ambayo gari lilingoja meli, likakaa baharini, likasubiri kutolewa bandarini Mombasa na baadaye kusimama yadini, yote imekwisha kukatwa humo.

Jibu likiwa ni hapana, gari linaweza bado kuwa zuri, ila bei yake iwe ya gari lisilo na dhamana. Tena, usikubali cheti cha ukaguzi kiwekwe mezani mahali pa dhamana. Ukaguzi unaotakiwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hutazama kama gari linafaa kuwa barabarani na kama limetimiza masharti, yakiwemo usukani wa kulia na umri usiozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Haumhakikishii mtu kwamba giaboksi itafika Krismasi.

*Ndugu Mhariri, shikamoo. Nimeagiza kwa wakala wa hapa Dar es Salaam BMW 320d ya mwaka 2010 kutoka Uingereza. Wakala ananipa waranti ya miezi 6 ya injini na giaboksi, imeandikwa kwa mstari mmoja kwenye risiti. Mdogo wangu ananiambia karatasi hiyo haina maana. Nani yuko sahihi? Msomaji, Tabata.*

Marahaba. Mdogo wako ana wasiwasi wa haki, ingawa karatasi hiyo ina maana zaidi kuliko anavyodhani. Muuzaji aliye Dar es Salaam unaweza kumfikia, na ahadi yake ya miezi 6, ikiandikwa vizuri, ina thamani kuliko miaka 3 ya kampuni iliyo ng'ambo ya bahari isiyokutambua. Tatizo lipo katika huo mstari mmoja. "Injini na giaboksi" ni maneno ambayo kila upande utayasoma kwa faida yake siku ya ugomvi. Je, tabo ni sehemu ya injini? Pampu ya maji? Sindano za dizeli? Kompyuta inayoendesha giaboksi?

Kwa gari ulilolichagua, swali hilo si la nadharia. Modeli ya 320d ya mwaka huo hutumia injini inayojulikana kama N47, ambayo ina sifa mbaya ya mnyororo wa taimingi, ule unaozifanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio, kulika na hata kukatika, hasa katika magari yaliyotengenezwa kati ya 2007 na 2011. Mnyororo huo umewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuubadilisha kunahitaji kushusha giaboksi au kutoa injini nzima, na kazi yenyewe hugharimu zaidi ya spea. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali hugongana na pistoni. Mwombe wakala aandike waziwazi kwamba mnyororo wa taimingi na uharibifu utokanao na mnyororo umo katika dhamana. Akikataa, amekwisha kukueleza anachokijua kuhusu injini hiyo, na mimi binafsi ningetafuta gari jingine. Na uwezapo kulisikiliza gari kabla ya kulipa salio, liwashwe likiwa baridi kabisa tangu usiku, boneti ikiwa wazi, nawe usimame karibu na kioo cha mbele. Mkwaruzo wa chuma unaosikika kutoka nyuma ya injini, unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wake, ndio unaotafutwa. Injini iliyowashwa na kupashwa moto kabla hujafika inaweza kukuficha mengi.

Katika hati hiyo ya miezi 6 mtake aeleze pia kama miezi inahesabiwa kuanzia siku ya kukabidhiwa gari, kama kuna kikomo cha kilomita, nani atakayelipa kazi ya fundi na si spea tu, karakana gani itakayotumika, na itakuwaje ikiwa gari limekufa ukiwa Dodoma. Hati isainiwe na ipigwe mhuri, na iwe na namba ya chasisi. Risiti isiyo na namba ya chasisi ni rahisi kukanwa.

Kwa kuwa gari linatoka Uingereza, una bahati moja ambayo wanunuzi wengi hawaitumii. Serikali ya huko inatoa bure, katika tovuti yake, historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari uitwao MOT, na kinachohitajika ni namba ya usajili ya Uingereza peke yake. Ukaguzi huo huanza gari likifikisha miaka 3, hivyo gari la 2010 lina mfululizo mrefu wa kumbukumbu: maili lilizokuwa nazo kila mwaka, kilichofeli, na maonyo waliyoyaandika wakaguzi kuhusu kutu, breki na matairi. Mita iliyorudishwa nyuma huonekana hapo mara moja. Wakala akisema namba ya usajili imepotea, usiendelee.

Juu ya hati ya muuzaji kuna sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, hailazimishi kila gari kuukuu kuwa zima, ila inaweka masharti kuhusu ubora na kufaa kwa bidhaa pale muuzaji anapofanya biashara hiyo, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na kifungu cha 46 cha Katiba vinazungumzia ubora wa bidhaa, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambayo sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Lakini huko kote utaulizwa ulichoandikiana na muuzaji, na ndiyo maana nimeung'ang'ania mstari ule wa kwenye risiti.

*Mhariri, nilinunua gari jipya la Ulaya kwa wakala rasmi. Sasa naambiwa nikibadilisha oili kwa fundi wa mtaani dhamana imekufa. Ni kweli? Msomaji, Eldoret.*

Inategemea mkataba wako, nao una haki ya kuusoma mstari kwa mstari. Katika Umoja wa Ulaya kanuni namba 461 ya mwaka 2010 iliwapa wenye magari nafasi ya kufanya sevisi katika karakana huru bila kupoteza dhamana, ilimradi kazi ifuate maagizo ya kiwanda, lakini kanuni hiyo haitawali Eldoret. Ushauri wangu ni kwamba mpaka dhamana iishe, sevisi zote zifanywe kwa wakala, hata kama ni ghali, kwa sababu giaboksi moja inazidi gharama ya sevisi hizo zote. Ikilazimu kwenda kwingine, tunza risiti yenye tarehe, kilomita na jina la oili, na uhakikishe kopo lina namba ya idhini ya kiwanda chako: kwa Volkswagen namba kama 504 00 na 507 00, kwa BMW Longlife-04, kwa Mercedes-Benz 229.51 au 229.52, kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza. Kuandikwa 5W-30 peke yake hakutoshi. Hiyo ni kipimo cha jinsi oili ilivyo nzito au nyepesi kutiririka tu.

*Assalaam alaykum Mhariri. Nina Mercedes-Benz C 200 ya mwaka 2010 iliyotoka Japani, nimeinunua kwa mwenyewe hapa Mombasa. Dhamana najua iliisha zamani. Je, kiwanda bado kinawajibika kwa lolote? Msomaji, Kisauni.*

Wa alaykum salaam. Ndiyo, kuna jambo moja, na kwako wewe wa pwani nalitilia uzito kuliko yote yaliyomo katika safu ya leo. Dhamana ina mwisho, lakini wito wa kurudisha gari kwa ajili ya kasoro ya usalama hufuata namba ya chasisi, bila kujali ni nani analimiliki sasa wala lilinunuliwa kwa bei gani. Wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari ni ule wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Kifaa cha kuujaza mfuko huo kilitumia amonia naitreti, kemikali ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikapasua kasha lake la chuma na kurusha vipande usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika ajali ambazo zingewaacha na michubuko. Mercedes-Benz, BMW, Audi na Volkswagen zote zina magari yaliyoguswa, na C-Class za miaka kama ya lako zimo katika orodha za baadhi ya nchi.

Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Kisauni mwaka mzima. Gari lililokaa Nyeri na gari lililokaa Kisauni kwa miaka ileile hayako katika hatari sawa.

Chukua namba ya chasisi; kwa kuwa gari ni la Ulaya, itakuwa na alama zote 17 hata kama liliuzwa Japani, tofauti na Toyota za soko la Japani zenye namba fupi iliyokatwa kwa kistari. Mpelekee wakala rasmi wa Mercedes-Benz aangalie kama kuna wito uliobaki wazi. Kazi ya namna hiyo kwa kawaida hufanywa bila malipo, na ukiambiwa ulipe, omba sababu kwa maandishi kisha mwandikie mtengenezaji mwenyewe. Usimruhusu fundi yeyote kuufungua usukani huo kwa kubahatisha, wala usinunue mfuko wa hewa uliotolewa katika gari lililopasuliwa kwa spea, kwani unaweza kuwa unafunga kasoro ileile.

*Ndugu Mhariri, naishi Muscat. Nimeona BMW X5 huko Sharjah, bei nafuu mno, na muuzaji anasema ni gari la Ghuba na lina dhamana. Namba ya chasisi inaanza na 5UX. Nataka kuitumia hapa mwaka mmoja kisha niipeleke Zanzibar kwa kaka yangu. Msomaji, Muscat.*

Hizo alama tatu za mwanzo zimekwisha kumsahihisha muuzaji. Namba inayoanza na 5UX kwa kawaida ni ya X5 iliyotengenezwa katika kiwanda cha BMW cha Spartanburg, South Carolina, kwa ajili ya soko la Marekani. Gari lililouzwa Ghuba huwa na mfumo wa kupoza injini na kiyoyozi vilivyopangwa kwa joto la huku, na dhamana ya mawakala wa Ghuba huandikwa kwa magari hayo. Gari la Marekani lililoletwa Sharjah huwa nje ya dhamana hiyo, na bei nafuu mno mara nyingi huwa na sababu: mengi ya magari hayo hununuliwa katika minada ya magari yaliyopata ajali au mafuriko, yakatengenezwa na kupakwa rangi upya, kisha yakasafirishwa tena. Isitoshe, gari la Marekani lina usukani wa kushoto, na Zanzibar, kama Tanzania yote, watu huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kaka yako atapata taabu kila anapotaka kulipita gari lingine.

Kama bado unalitaka kwa matumizi ya Oman, tumia namba ya chasisi kutafuta historia yake ya Marekani, ambako hati ya gari lililoharibika vibaya huwekewa alama. Na iwe limetoka wapi, kumbuka mvua kubwa zilizoyafunika magari huko Falme za Kiarabu na Oman mwezi Aprili 2024. Vuta mkanda wa kiti taratibu mpaka utoke wote, uutazame upande wa ndani: mstari wa udongo au doa la maji lililokatika sawasawa ni dalili ambayo wasafishaji husahau kuifuta. Inua zulia chini ya kiti cha dereva, uguse sifongo. Magari ya Ulaya hupitisha nyaya nyingi hapo, na baadhi yana kompyuta mahali hapohapo, kwa hiyo maji yaliyofika zuliani huanza kuleta hitilafu miezi kadhaa baadaye, wakati muuzaji hapokei tena simu.

*Mhariri, baada ya miaka mingi Leicester narudi nyumbani Kenya na familia. Nina Volvo XC60 niliyoinunua huko ikiwa mpya, nimeitumia miaka 2, na dhamana imebaki mwaka mmoja. Nimelipia pia dhamana ya ziada ya kampuni binafsi. Nifanye nini nisipoteze vyote? Msomaji.*

Karibu nyumbani. Kwa upande wa ushuru una nafasi nzuri, maana Mkenya anayerejea baada ya kuishi nje si chini ya miaka 2 anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja alilolimiliki na kulitumia angalau miezi 12, likiwa na usukani wa kulia na bila kuzidi miaka 8. Tunza hati ya usajili ya Uingereza iitwayo V5C, risiti ya ununuzi na bima zako, kwa sababu Mamlaka ya Mapato itataka kuona kwamba miezi hiyo ni ya kweli.

Kwa upande wa dhamana, hesabu kwamba mwaka uliobaki utaishia bandarini Southampton, isipokuwa wakala aliyeko Kenya akuandikie kwamba anaitambua. Itumie basi kabla ya kupakia. Wiki kadhaa kabla ya safari peleka gari kwa wakala wa Volvo, uombe sevisi kamili na upimaji wa kompyuta, na umpe orodha ya kila kitu kinachokusumbua, hata kile ulichozoea kukipuuza: mlio wa sasipenshini kwenye matuta, kamera inayozimika, kiyoyozi kinachochelewa kupoza. Kiyoyozi dhaifu ambacho hukukijali katika baridi ya Leicester kitakuwa shida ya kila siku Kisumu. Chochote watakachokubali kukitengeneza sasa ni bure; kikivuka bahari ni juu yako. Omba wito wote wa usalama ufungwe, na utoke na nakala ya kumbukumbu za sevisi zilizochapishwa, kwani siku hizi huwekwa katika mfumo wa kompyuta wa kampuni na si katika kitabu, na kuzipata ukiwa Kenya ni kazi kubwa.

Ile dhamana ya kampuni binafsi isome sehemu inayotaja eneo. Nyingi za Uingereza hulipa matengenezo ya huko, pengine na safari fupi za Ulaya, basi. Waandikie mapema kwamba gari linaondoka nchini, uulize utaratibu wa kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa ya miezi isiyotumika. Barua hiyo itumwe kabla ya gari kuondoka, maana baada ya hapo wanaweza kusema ulivunja masharti wewe. Pesa utakayorudishiwa inunulie chujio za oili, za hewa na za kabini, pedi za breki na plagi za moto kama injini ni ya petroli, kwa kutumia namba ya chasisi dukani ili usipewe za modeli nyingine. Waulize lakini wasafirishaji kwanza kama wanaruhusu vitu ndani ya gari: anayepakia kwenye kontena mara nyingi huruhusu, ilhali meli za kubeba magari huwa na masharti makali, na kilichoachwa ndani ya buti kinaweza kisifike.

Jambo la mwisho kwako ni bima. Bima kubwa utakayokata Kenya hulipa ajali, moto na wizi. Haitengenezi giaboksi iliyochoka. Wakala wa bima akikuuzia kinga ya hitilafu za kimitambo kama nyongeza, mwulize ni kampuni gani ya bima iliyosajiliwa inayosimama nyuma yake, na upate jina hilo kwenye hati kabla ya kulipa.